Mashariki ya Tamsin

Vumbi la Murchison, huku Australia, halina adabu. Halibishi hodi, halisubiri kukaribishwa, halimjui mgeni wala mwenyeji. Huingia chini ya mlango, huingia ndani ya kikombe, huingia kwenye kope na kucha na kurasa za daftari. Na jua likichomoza huinuka lote kwa pamoja, jekundu, likaning'inia hewani, likakataa kushuka.

Ewe vumbi, tulia kidogo nisimulie. Nimekumeza miaka kumi na miwili, nadhani nimepata haki ya kusikilizwa.

Asubuhi ile ya Alhamisi lilimkuta Tamsin ameshaamka, ameshavaa buti, ameshakizunguka kituo mara tatu. Chai aliimimina hakuinywa. Mkate aliuuma mara moja akausahau juu ya boneti ya gari. Alikwenda, akarudi, akasimama, akaondoka tena. Mpishi wa kambi alimtazama dirishani akatikisa kichwa. Hakutulia Tamsin, na wiki nzima hakuwa ametulia.

Kituo chenyewe ni hiki: miti ya chuma mia mbili hamsini na sita, mirefu kuliko mtu, matawi yake ya waya yakipungua upana kadiri yanavyopanda, kila mti umesimama juu ya kipande chake cha wavu, yote imo ndani ya duara unalolivuka kwa hatua arobaini. Haina majani, haina matunda, haina kivuli cha kumfaa hata mbwa. Kazi yake ni kusikiliza.

Mti mmoja peke yake husikia kidogo sana. Yote ikiunganishwa, ikakubaliana, huwa sikio moja. Na sikio hilo linatafuta sauti ya kale mno, sauti iliyoanza safari kabla nyota ya kwanza haijawaka, sauti nyembamba, sauti iliyochoka njiani, sauti inayozimwa hata na simu moja iliyosahauliwa mfukoni. Ndiyo maana huku simu hazibebwi. Ndiyo maana magari ni ya dizeli tu, kwani ya petroli hutoa cheche. Ukitaka kusema na mtu, mfuate alipo.

Hicho kilikuwa kituo cha kwanza, cha kujaribia. Kikifaulu, vingefuata mamia. Kikishindwa, wageni wenye fedha waliokuwa wanakuja Ijumaa wangekunja makaratasi yao, wakapanda ndege, wakaenda kuchagua miti ya mtu mwingine.

Miaka sita Tamsin aliibeba miti hiyo. Aliianzia nyumbani kwake mjini Fremantle, juu ya meza ya jikoni, akikunja hanga za nguo zikawa matawi, mpaka mumewe akakosa pa kutundika mashati. Akapima, akavunja. Akakunja upya, akapima, akavunja. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa nyota, kazi yake kuchora ramani za mbingu. Akachoka kuomba masikio ya wengine, akaamua kujitengenezea lake.

Na kanuni ya sikio hili ni moja, nayo ni ya ajabu: miti isipangwe mistari. Mistari hudanganya. Sikio lililopangwa mistari husikia sauti moja likaapa ni mbili. Basi ikapasa imwagwe ovyo, lakini ovyo iliyohesabiwa, kila mti na mahali pake, pasipo jirani wa kulia kufanana na wa kushoto.

Mwambie hivyo Errol! Errol, Mwajarri wa hapa hapa, kabila la wenye ardhi hii tangu kale, mtu aliyejenga nyua za mashamba ya ng'ombe miaka ishirini, nyua zilizonyooka mpaka zikaingia kwenye upeo wa macho. Yeye na wenzake watano ndio waliopewa kazi ya kupima ardhi na kupigilia vigingi, kigingi kimoja kwa kila mti. Siku aliyoonyeshwa mchoro aliugeuza huku, akaugeuza kule.

"Bosi, hii ni ramani au kuna mtu amemwaga njegere?"

"Ndivyo inavyotakiwa, Errol."

"Kumbe nilionewa. Ua wangu wa kwanza ulikuwa hivi hivi, na nilifukuzwa kazi."

Wakacheka. Ni vizuri kukumbuka kwamba walicheka.

Huku hakuna mashine inayogusa ardhi kabla wenyewe hawajaitembea. Hutembea bega kwa bega, taratibu, macho chini, kutoka upande huu hadi upande ule, na kinachoonekana huandikwa. Siku ya kuitembea ardhi ya kituo hiki, mbele alikuwa Shangazi Noreen, dada wa baba yake Errol, kofia ya timu yake ya mpira kichwani, akiyalaani magoti yake kila baada ya hatua kumi. Ukingoni mwa duara, upande wa mashariki, akasimama.

"Hapa."

Tamsin aliinama. Aliona vijiwe. Akainama zaidi, akaona kwamba kila kijiwe kina ukingo mkali, na kwamba ukingo ule ulichongwa na mkono.

"Watu walikaa hapa," Shangazi Noreen akasema. "Wakachonga visu vyao, wakala nyama yao, wakaenda zao. Hii ni meza ya watu. Usiniwekee chuma mezani kwa watu."

"Sitaweka, Shangazi."

"Umesema wewe, au imesema karatasi yako?"

"Nimesema mimi."

Akarudi Fremantle, akachora upya. Ukingoni mwa duara akaacha pengo la mti mmoja, akaihamisha miti mingine kuufidia ule uliokosekana, akakesha juma zima na hesabu. Akaipeleka karatasi kwa Errol, ina mshale mmoja tu, wa kaskazini. Akabaki mjini majuma mawili akisimamia nyaya, huku Errol na wenzake wakiisoma karatasi, wakiingiza namba kwenye kifaa cha setilaiti, wakipigilia.

Aliporudi, vigingi vyote vilikuwa tayari.

"Bosi, kigingi kimoja kiliangukia mezani kwa wazee," Errol akamwambia. "Nimekisogeza hatua mbili. Nimeandika daftarini."

"Haiwezekani, Errol. Pale niliacha pengo."

"Basi pengo lako limetembea."

Naye Tamsin, badala ya kwenda kuangalia, alicheka. Malori ya miti yalikuwa yanaingia, watu wanamwita, upepo unapeperusha makaratasi. Alicheka akapita.

Ewe kichwa cha msomi! Umeambiwa na mtu aliyesimama pale kwa miguu yake, nawe unamjibu kwa kitu ulichokiona mezani kwako.

Jumatatu wakakijaribu kituo. Jua ndilo mtihani rahisi, kwa kuwa katika sauti zote za angani hakuna yenye makelele kulishinda. Miti haigeuki, hesabu ndiyo hugeuka, kompyuta inaliambia sikio, sikiliza huku, sikiliza kule. Asubuhi wakaliambia lisikilize lilipo jua. Kimya. Wakaangalia nyaya. Kimya. Saa sita mchana, jua likiwa katikati ya mbingu, wakaliambia tena, likasikia vizuri mno, watu wakakumbatiana. Alasiri jua likateremka, na sikio likafa taratibu.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Sikio la saa sita! Kituo kinachosikia mchana tu na kuziba asubuhi na jioni, nani amewahi kukiona? Mafundi walilala chini ya miti, wakafungua kila kiungo, wakafunga. Tamsin hakula. Alizunguka kituo akihesabu, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Fergus, mkuu wa eneo, si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka, na haraka ikikutana na hofu huzaa jambo. Jumatano jioni aliketi na Tamsin kibarazani, akalifungua daftari la Errol, kidole chake kikasimama.

"Huyu amehamisha kigingi."

"Kimoja. Na ameandika."

"Kimoja ameandika. Ambavyo hakuandika ni vingapi? Samaki mmoja akioza wameoza wote." Akamtazama. "Niambie kweli. Inawezekana aliisoma ramani vibaya?"

Tamsin alikuwa amechoka. Macho yalimwasha, kichwa kilimgonga, na miaka sita ilikuwa imemkalia mabegani. Angeweza kusema, ngoja nikaangalie. Angeweza kusema, sijui. Alisema:

"Inawezekana."

Neno moja. Halikumchukua hata pumzi. Fergus akafunga daftari, na kabla ya chakula uamuzi ulikuwa umeshatoka: Errol na wenzake watano watarudisha vifaa kesho saa tatu asubuhi, na kampuni ya wapimaji kutoka mjini itakuja kupima upya, hiki na vyote vitakavyofuata. Mamia ya vituo, miaka ya kazi, kwenye ardhi ya babu zao, na wao watayaona malori yakipita.

Errol aliambiwa mbele ya wenzake. Hakupaza sauti. Alisema, "Niliandika," mara moja tu, akaenda kukaa. Na wenzake hawakumtazama usoni, kwa kuwa hawakujua wamtazame vipi.

Hilo neno ndilo lililomwamsha Tamsin alfajiri. Inawezekana. Alilitema, likarudi. Inawezekana. Alikizunguka kituo mara tatu, nalo likamzunguka. Hakutulia Tamsin; na mtu asiyetulia, miguu yake humpeleka pale ambapo akili haijataka kwenda.

Ilimpeleka upande wa magharibi.

Ukingoni mwa duara, kati ya mti na mti, palikuwa wazi. Palitosha mti mmoja. Alipita, akarudi nyuma, akasimama katikati ya ule uwazi, mikono kiunoni.

"Na wewe nani kakuacha hapa?" akauuliza.

Akageuka, akatazama ng'ambo ya pili ya duara, mashariki, ambako vijiwe vilikuwa vinang'aa kwa jua la asubuhi, na kando yake hatua mbili ulisimama ule mti aliousogeza Errol. Pengo liko huku. Vijiwe viko kule.

Akaitoa karatasi mfukoni, akaitandika chini, mshale ukielekea kaskazini. Akapiga magoti. Kwenye karatasi pengo lilikuwa kushoto. Na kushoto kwa karatasi, pale chini, ni magharibi, ni hapo hapo alipopiga magoti. Errol aliisoma sawasawa. Aliisoma vile ambavyo mtu yeyote mwenye macho na ardhi chini ya miguu yake angeisoma.

Akalala chali juu ya vumbi, kichwa kaskazini, na kwa kuwa jua lilimpiga usoni akaiinua ile karatasi, akaishika juu ya macho yake imkinge.

Na karatasi, ilipokuwa juu, pengo likahamia mashariki. Likakaa juu ya vijiwe kabisa.

Jamani.

Watu wa nyota huchora mashariki kushoto. Ndivyo walivyolelewa. Ramani zao ni za mbingu, na mbingu huitazama ukiwa umelala chali. Kichwa kaskazini, mashariki huwa mkono wa kushoto. Watu wa ardhi huchora mashariki kulia, kwa kuwa wamesimama na wanatazama chini. Kila mmoja yuko sawa kwake. Na kila mmoja hana haja ya kuandika mashariki iko wapi, kwa kuwa nani asiyejua? Tamsin alizaliwa upya akawa fundi, akanunua nyundo, akajifunza kuchomelea. Lakini mkono wake, jikoni kule, ulichora ardhi kama mtu aliyelala.

Mashariki, ewe mashariki! Wewe ambaye hata jogoo anakujua! Miaka sita ya hesabu, na wewe ndiye uliyempotea.

Ndiyo maana saa sita sikio lilisikia. Jua likiwa katikati halina kushoto wala kulia. Asubuhi liko upande mmoja, na miti, iliyokaa kinyume, ilikuwa inalitafuta upande wa pili. Yote ilikuwa mizima. Nyaya nzima, vigingi vizima, Errol mzima. Alisema "inawezekana" akamnyooshea mtu kidole, na kosa limelala kwenye mkono wake mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Akaketi. Hakulia. Alipangusa vumbi kwenye karatasi, akalipangusa tena, ingawa lilikuwa limeshatoka.

Halafu ikaja ile sauti nyingine, nanyi mnaijua, maana hakuna asiyeijua. Ikamwambia, Tamsin, dawa yake si ni ndogo? Hakuna mti wa kung'olewa. Kwenye kompyuta, mbele ya kila namba ya mashariki, weka alama ya kutoa. Kistari kimoja, kifupi kuliko ukucha wa mtoto. Nenda sasa, kabla ya saa tatu. Kiweke, toka nje, useme kituo kimepona. Wageni watakuja kesho, watapiga makofi. Nani atauliza kilipona vipi? Na Errol, sauti ikaendelea, Errol alihamisha kigingi kweli, si ameandika mwenyewe? Hukumtuma wewe.

Mimi nasema wazi: aliisikiliza. Alisimama, akaenda upande wa kompyuta kwa hatua ndefu, na mkono mfukoni ulikuwa unakipima kile kistari. Jina lake lilikuwa juu ya kila karatasi ya kituo kile. Kesho angesimama mbele ya wageni. Mwanamke huyo alikuwa ametumia ujana wake kwenye hanga za nguo, na sasa kistari kimoja ndicho kilichosimama kati yake na mavuno. Nani angemlaumu? Ningekuwa mimi, sijui.

Alipita karibu na vijiwe. Hakukusudia, ndiyo njia ya mkato. Akauona ule mti uliosogezwa, na hatua mbili kando yake, kwenye udongo, tundu dogo la kigingi katikati ya vijiwe, ambalo mtu alilifukia kwa mkono na kulipapasa likawa sawa, kwa uangalifu, vidole vyote vitano vimejichora. Alisimama pale. Alisimama sana.

Saa tatu ikamkuta mlangoni.

Chumba cha kompyuta ni kontena la chuma lenye milango miwili mizito, mmoja nyuma ya mwingine. Wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge, ili kelele za mashine zilizo ndani zisitoke zikaisumbua miti. Ndani alikuwepo Fergus na kalamu. Alikuwepo Errol, sanduku la kifaa cha kupimia limelala mapajani. Na alikuwepo Shangazi Noreen, ambaye hakualikwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo.

"Aliisoma sawasawa," Tamsin akasema kabla mlango haujajifunga vizuri. "Mimi ndiye niliyechora kinyume."

Fergus akainua macho. "Kinyume vipi?"

Akaigeuza karatasi mgongo mbele, akaiinua kwenye taa, na mchoro ukaonekana kwa nyuma, pengo upande wa kulia. "Hivi. Hivi ndivyo nilivyotaka. Nilichora mbingu, nikampa mtu wa ardhi, sikumwambia."

Akaenda kwenye kompyuta. Aliandika, akafuta, akaandika. Kistari kikaingia. Nje lilikuwa jua la saa tatu, bado liko mashariki, lile lile lililowanyamazia siku tatu. Akaliambia sikio lisikilize. Mstari kwenye skrini ulilala kidogo, kisha ukapanda kama maziwa yanayochemka.

"Ala!" Fergus akapiga meza, akacheka, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Basi yamekwisha! Errol, weka chini hilo sanduku, hakuna anayekwenda popote. Tutaandika kulikuwa na hitilafu ya ramani. Majina hayana haja."

"Andika jina langu," Tamsin akasema.

"Tamsin, wageni kesho..."

"Andika."

Shangazi Noreen hakuwa ameitazama skrini. Alikuwa anamtazama Tamsin.

"Ngoja kwanza. Huyu mtoto angeifuata hiyo karatasi yako, mti ungekuwa wapi sasa hivi?"

"Juu ya vijiwe, Shangazi."

"Na nilikuuliza, ahadi ni yako au ya karatasi?"

"Nilisema yangu."

"Na nani kaitimiza?"

Tamsin akamgeukia aliyekaa na sanduku. "Errol."

"Mh." Shangazi Noreen aliiweka sawa kofia yake. "Magoti yangu haya yaliitembea ardhi ile bure, basi. Nimekasirika. Nataka ujue nimekasirika, usije ukadhani ni uzee."

"Najua, Shangazi. Nisamehe."

"Nitaona."

"Jamani, yamekwisha," Fergus akasema, akiikunja karatasi.

"Hayajaisha."

Errol ndiye aliyesema. Hakuwa ameinuka. Mikono yake mikubwa ilikuwa imelala juu ya sanduku, na sauti yake ilitoka chini, bila haraka.

"Tangu jana wenzangu hawanitazami. Wanaume niliojenga nao nyua, niliokula nao, wanajiuliza mimi ni mwongo au ni mjinga. Sasa mnanisafisha humu. Humu! Chumba kimejengwa ili hata mlio wa mbu usitoke nje. Nitoke niwaambie nini? Kwamba nimesafishwa ndani ya boksi, shahidi ni shangazi yenu?"

"Nitawaandikia barua," Fergus akasema.

"Sikusema na wewe, kaka." Akamgeukia Tamsin. "Aibu niliipata nje. Kanisafishe nje."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na walisema kwa watu kama hawa. Tamsin aliitikia kwa kichwa. Akasukuma mlango wa kwanza. Wakasimama wote wanne wamebanana katikati ya milango miwili, gizani, wakisikilizana pumzi, wakingoja wa kwanza ujifunge. Kisha wa pili ukafunguka, na jua likawamwagikia.

Ilikuwa karibu na chai ya saa nne. Watu walikuwa wameshajikusanya chini ya banda la mabati: wenzake watano wa Errol, mafundi wa nyaya, madereva, mpishi na birika lake, vikombe mkononi, biskuti zinachovywa. Upepo ulikuwa umeamka, mabati yanagonga. Walipowaona wale wanne wanakuja, mazungumzo yakapungua, yakakatika.

Tamsin akasimama mbele yao. Aliwahi kuzungumza mbele ya maprofesa mia tatu bila karatasi. Sasa alianza na jina.

"Errol aliisoma ramani sawasawa," akasema. "Kosa lilikuwa kwenye ramani. Ramani niliichora mimi. Na nilipoulizwa, nilisema inawezekana kosa ni lake. Nilimsingizia."

Upepo ukayachukua nusu ya maneno. Wa mbele waliacha kutafuna. Mmoja wa wale watano akageuza uso, akamtazama Errol machoni, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Wa nyuma hawakusikia," Errol akasema.

Hakuwa anatania. Tamsin alimtazama, akajua hatanii. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, neno kwa neno, na safari hii halikumpunguka hata moja. Alipofika kwenye "nilimsingizia" sauti ilipasuka, akaiokota, akaendelea.

Kule nyuma kabisa, dereva mmoja mzee, masikio yake yameharibiwa na matrekta, akaweka kiganja sikioni. "Anasema nini huyo?"

Wenzake walimwachia Tamsin ajibu mwenyewe.

Basi akapanda juu ya benchi. Watu wa nyota, watu wa nyaya, watu wa ardhi, wote macho juu. Kwenye nchi ile ambako kila kitu kimefundishwa kunyamaza, akajaza kifua, akapiga kelele kwa jina lake na kwa jina la Errol, kwamba yeye ndiye aliyekosea na huyu ndiye aliyekuwa sahihi. Na mzee akashusha mkono wake polepole, akaitikia kwa kichwa.

Errol alimaliza chai yake. Akasuuza kikombe, akachukua sanduku, akawaambia wenzake, "Haya, twendeni kazini," na wote watano wakasimama.